Burt Munro: mzee aliyepima injini kwa spoku

Najua nimekuwa kimya wiki nzima, msininunie, nilikuwa nimeinama uani kwetu mikono imejaa grisi mpaka ndani ya kucha. Kisa chenyewe ni pikipiki ya kijana wa jirani. Hiyo pikipiki ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Ikaanza kutoa moshi wa bluu, ikawa inakunywa oili kama mlevi siku ya mshahara, na kilima kidogo tu abiria anaombwa ashuke. Fundi alitaja pesa ambayo dogo hana. Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia, mdogo wangu usihangaike, tutaifungua wenyewe hapahapa nyumbani, mie najua kidogo. Hilo neno kidogo ndilo lililotuponza.

Tulianza na spana nne, bisibisi moja, koleo na nyundo. Siku ya pili, wakati nachomoa pistoni, ile klipu ndogo inayoshika pini ikaruka, ikagonga ukingo wa injini, ikatumbukia ndani. Kitu chenyewe kama kipande cha ukucha. Sikuwa nimeziba mdomo wa injini na kitambaa, kazi ya sekunde tano. Tulijaribu sumaku, tukajaribu waya, tukainamisha injini kama tunatikisa kibubu, wapi! Kwa hiyo injini tuliyodhani inataka ringi tu ikabidi ishushwe yote na kupasuliwa katikati. Kijana hakunisema hata neno. Alikaa juu ya ndoo anaangalia vyuma vilivyotawanyika kwenye gunia, na mimi nilikuwa naona anavyohesabu siku ambazo hajaingiza hata senti.

Mzee mmoja akapita akatuangalia, akasema tatizo ni vifaa, kwamba bila vifaa vya kizungu mtu asiguse injini. Nilinyamaza kwa heshima, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa namfikiria Burt Munro. Wengi wenu mnamjua kwa ile filamu ya mwaka 2005, The World's Fastest Indian, Anthony Hopkins kacheza kama yeye. Filamu tamu, sikatai. Ila filamu inakuonyesha mzee mcheshi anayependwa na kila mtu barabarani, na mimi leo nataka tumwangalie mtu mwenyewe na banda lake, maana yule ndiye mtu wa kumuuliza habari ya vifaa.

Kwanza tuelewane jambo moja kabla hamjaanza kubishana. Indian aliyokuwa nayo sio pikipiki ya kutoka India. Ilikuwa kampuni ya Marekani, ya mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na jina lilitokana na Wahindi Wekundu kama walivyoitwa zamani. Na Munro mwenyewe hakuwa Mmarekani. Alikuwa mtu wa Nyuzilandi, tena kusini kabisa mwa Nyuzilandi, kule Invercargill, ambako ukiendelea kusini mbele yako kunabaki bahari na barafu.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899. Alikuwa pacha, na dada yake alifariki wakati wa kuzaliwa. Madaktari waliwaambia wazazi kwamba huyu wa kiume naye wasimtarajie kuvuka miaka miwili. Basi akavuka miwili, akavuka sabini. Jina lake kamili ni Herbert James Munro na watu walimwita Bert kwa e. Miaka ya 1950 gazeti moja la pikipiki la Marekani likakosea likaandika Burt, yeye akaona sawa tu, akalibeba hivyohivyo.

Alikulia shambani, Edendale, na baba yake hakupenda kabisa mambo ya kasi. Kabla ya pikipiki kulikuwa na farasi, na kijana alikuwa akimchukua yule mwenye mbio kuliko wote na kumkimbiza shambani huku mzee analalamika. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta hapohapo shambani. Baadaye alikwenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa handaki la reli la Otira, kisha akaitwa nyumbani tena kusaidia shamba jipya la baba yake. Maisha ya kawaida tu, hakuna cha chuo cha ufundi wala uhandisi. Kama unamtafutia cheti huyu mtu utatafuta sana.

Mwaka 1920 akanunua Indian Scout mpya. Ilikuwa ya 627 kati ya Scout zilizotoka kiwandani, yaani toleo la mwanzo kabisa. Injini ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, cc 600, valvu zake zikiwa ubavuni mwa silinda na sio juu kama pikipiki zetu. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 89 kwa saa. Kwa mwaka 1920 huo ni mwendo wa kujisifia, lakini jamaa hakuridhika, na mwaka 1926 akaanza kuifungua. Hakuacha kuifungua mpaka uzeeni.

Hebu fikiria hiyo kitu. Sisi tunabadilisha simu kila mwaka. Mtu huyu alikaa na injini moja nusu karne.

Wakati huo alikuwa anauza pikipiki na kuzitengeneza kwa kuajiriwa. Pesa hakuwa nayo, muda hakuwa nao. Alichofanya ni kuufanya usiku uwe muda. Anatoka kazini, anaingia kwenye banda, anafanya kazi mpaka kunakucha, halafu anakwenda kazini bila kulala. Na kwa kuwa vipuri vya kununua vilikuwa ghali, na vile alivyovitaka havikuwepo duniani, alivitengeneza mwenyewe. Pistoni alizisubu mwenyewe, anayeyusha chuma na kumimina, na kalibu zake zilikuwa makopo ya zamani. Silinda akatengeneza mwenyewe. Flaiwili akatengeneza mwenyewe. Mikono ya pistoni aliichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta. Mfumo wa kupitisha oili akaubuni upya. Na zile valvu za ubavuni akaziondoa, akatengeneza vichwa vipya vya silinda vyenye valvu juu, kwa sababu hewa inayoingia kutoka juu haikunji kona nyingi, na injini ni pampu ya hewa, ikivuta hewa nyingi inachoma mafuta mengi na nguvu inakuja. Kufikia mwisho ile cc 600 ilikuwa imefika 950.

Sasa ndio tufike kwenye spoku, maana hapa ndipo watu wengi wanaposoma habari zake vibaya.

Inajulikana kwamba maikromita yake, yaani kile kipimo cha kupimia unene wa vitu vidogo sana, ilikuwa spoku ya zamani ya gurudumu. Watu wakisikia hivyo wanacheka, wanasema aisee mzee alikuwa anabahatisha kweli. Kumbe ni kinyume chake. Mtu anayebahatisha hahitaji kipimo chochote, hata cha spoku. Munro alijua kwamba kitu cha kwanza kwenye injini ni kupima, na kwa kuwa hakuwa na kipimo cha dukani akatengeneza chake. Mafundi wa zamani wanaijua njia hii: unachukua waya mgumu, unaukata na kuusugua ncha hadi uguse kuta mbili za silinda bila kulegea na bila kukwama. Ukiusogeza chini ya silinda ukakuta unacheza, au ukiuzungusha ukakaza upande mmoja, umeshajua silinda imeliwa wapi. Vidole vya mtu aliyezoea vinasikia tofauti ambayo jicho halioni.

Na tofauti zenyewe ni ndogo kweli. Unywele wa binadamu una unene wa kama sehemu saba za mia za milimita. Nafasi kati ya pistoni na silinda kwenye pikipiki hizi ndogo tunazopanda, zikiwa mpya, mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Ukizidisha, oili inapanda juu na kuungua, unapata ule moshi wa bluu. Ukipunguza, aluminiamu ya pistoni ikipata moto inatanuka kuliko chuma cha silinda, inakwama ghafla, na pikipiki inafunga tairi ukiwa kasi. Sasa mtu anayesubu pistoni yake kwenye kopo, anayetaka kukimbia mara tatu ya mwendo ambao kiwanda kilikusudia, anatakiwa aijue hiyo nafasi kuliko fundi yeyote. Alikuwa anaitafuta kwa kujaribu. Anatengeneza, anafunga, anakwenda ufukwe wa Oreti pale karibu na Invercargill, mchanga mgumu na mrefu, anaifungulia. Ikipasuka anarudi nyumbani anaangalia imepasukia wapi na kwa nini.

Vyuma vilivyokufa hakuvitupa. Kwenye banda lake kulikuwa na rafu, juu kaandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi, na hapo alipanga pistoni zilizotoboka na vyuma vilivyovunjika. Ukiona picha zake unaweza kudhani ni utani. Mimi nimeanza kuiona kama daftari. Kila pistoni pale ilikuwa ni jibu la swali. Hii ilitoboka katikati, joto lilizidi. Hii imechubuka ubavu, nafasi ilikuwa finyu. Fundi gani mtaani kwetu anayetunza pistoni iliyokufa? Tunazipeleka kwa wauza chuma chakavu jioni ileile, halafu mwezi ujao tunaua nyingine kwa kosa lilelile.

Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya Nyuzilandi, na baadaye akaongeza nyingine saba. Alikimbia pia Melbourne kule Australia. Pembeni alikuwa na pikipiki nyingine, Velocette ya mwaka 1936, hiyo nayo aliichokonoa vilevile, maana mkono wa huyu mtu haukuweza kuona nati ikakaa kwa amani.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwapa upande mmoja. Kulikuwa na nyumba. Alikuwa na mke na watoto wanne, na mtu anayekesha bandani kila usiku miaka ishirini yupo mahali pengine zaidi ya nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndoa ilivunjika. Aliacha kazi kabisa, akahamia kuishi kwenye gereji, kitanda huku na benchi la kazi kule. Waandishi wengi wanaipita sehemu hii haraka, wanairembesha, mzee wa ajabu anayelala na pikipiki yake. Mimi ninayeandika haya nimekaa uani siku sita na mke wangu ameanza kuniuliza kwa upole kama nahamia huko, kwa hiyo siipiti haraka. Ule usiku alioutumia kwenye injini ulikuwa na wenyewe.

Basi akawa mzee wa gerejini. Mwisho wa miaka ya 1950 akapata ugonjwa wa moyo, ule wa kubana kifua. Mtu mwingine angesema sasa nipumzike. Yeye akili yake ilikuwa Marekani, jimbo la Utah, mahali panaitwa Bonneville. Ni uwanda wa chumvi, mweupe, tambarare hadi macho yanachoka, na kila Agosti watu wa kasi wanakusanyika hapo. Alikwenda kwanza kuangalia tu. Hilo filamu haisemi, imebana safari zake nyingi zikawa moja ili hadithi iende, na ukiangalia bila kujua utafikiri alishuka melini, akapanda, akavunja rekodi, akarudi. Ukweli ni kwamba alikwenda akatazama, akarudi kwao mwisho wa dunia, akajiandaa, ndipo akaanza kwenda kushindana, na kushindana kwenyewe alikwenda mara tisa.

Nanyi mnaopenda kufungua kabla ya kuangalia, mimi nikiwa wa kwanza, tuone kwa nini kutazama kulikuwa kazi. Bonneville ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Oreti ni ufukweni, miguu majini. Huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa vizuri ufukweni, ukiipeleka huko inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, injini inakuwa nzito inakohoa. Tena chumvi sio mchanga, tairi linashika tofauti. Na mwendo aliokuwa anautafuta haukupatikana kwenye ufukwe wowote kwao, kwa hiyo kuna makosa ambayo injini ingeyaonyesha kulekule tu, ng'ambo ya Pasifiki, akiwa na vipuri alivyobeba mwenyewe. Pale huwezi kumtuma mtoto dukani akulete gasketi.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 63, aliweka rekodi ya dunia ya daraja lake kwa kilomita 288 kwa saa, injini ikiwa cc 883. Mwaka 1966 akaweka nyingine, kama kilomita 270, kwenye daraja la chini ya cc 1000. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya gamba la faibaglasi lenye umbo la samaki, pikipiki yote imefunikwa, kichwa kinachungulia kwa mbele. Injini inanguruma chini ya kifua kile ambacho daktari alishakikataza mambo mengi.

Halafu ukaja mwaka 1967. Ana miaka 68, pikipiki ina miaka 47. Kwenye safari moja ya majaribio, ya upande mmoja, alipimwa kilomita 305 na ushee kwa saa, na huo ulikuwa mwendo mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa rasmi kwenye Indian hadi wakati huo. Mwaka huohuo pikipiki ilianza kuyumba katikati ya safari. Akainua kiwiliwili ili upepo uipunguze mwendo, upepo ukang'oa miwani na kumgandamiza macho, akawa haoni kitu, akapita karibu sana na nguzo ya chuma ya kuwekea alama, mwisho akailaza pikipiki chini kwenye chumvi. Akatoka na michubuko. Rekodi aliyoondoka nayo ilikuwa wastani wa safari mbili, kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 295 kwa saa kwa pikipiki za chini ya cc 1000.

Na hapa kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ile hesabu ilikuwa imekosewa! Miaka mingi baada ya mzee kufariki, mwanawe John alizipitia namba za zile safari mbili akagundua wastani haukupigwa sawasawa. Chama cha pikipiki cha Marekani kikakagua kikakubali, na mwaka 2014 rekodi ikasahihishwa ikawa maili 184.087, yaani kama kilomita 296.26 kwa saa. Nusu maili tu iliyoongezeka. Mwenye spoku hakushindwa kupima. Wenye saa na makaratasi ndio walioteleza, na aliyeliona kosa ni mtoto wa yule mtu aliyekuwa hashindi nyumbani.

Sasa nirudi uani kwetu, maana dogo anasubiri.

Baada ya kupasua injini na kuipata ile klipu (ilikuwa imejibanza chini ya gia, nimeihifadhi, nimeitundika ukutani, ndiyo sadaka yangu ya kwanza), nikasema basi, sasa tuache haraka. Nikamwambia dogo tuoshe kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, tupanguse, tutandike gazeti safi juu ya meza na sio gunia chini. Tukatafuta makopo ya maziwa ya unga, kila kopo tukaandika: klachi, kichwa, upande wa magneti, upande wa gia. Boliti za mfuniko wa pembeni tulizichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kwa sababu hazilingani urefu, na ukiingiza ndefu penye fupi unatoboa mwili wa injini. Picha tumepiga kwa simu kila hatua. Haya yote hayakugharimu hata mia, na ndiyo tungeyafanya siku ya kwanza.

Kisha tukapima. Fila geji niliazima, ni vile vibati vyembamba vilivyoandikwa unene, bei yake si kubwa na kila anayefungua injini anunue hiyo kabla ya spana ya tano. Unachukua ringi peke yake, unaiingiza kwenye silinda, unaisukuma kidogo kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa isilale, halafu unapima mwanya wa ncha zake. Tukapima karibu na juu, tukapima katikati, tukapima chini. Chini mwanya ulikuwa wa kawaida, juu ulikuwa mpana mno. Maana yake silinda imeliwa sehemu ya juu, pale ambapo ringi zinageukia na joto ni kali.

Mnaelewa hapo? Mimi siku ya kwanza nilikuwa nimeshamwambia dogo anunue ringi mpya tu, tuzipachike, tufunge, aende kazini. Angekwenda. Moshi ungepungua kidogo, halafu baada ya muda mfupi ungerudi palepale na pesa yake imeshapotea, kwa sababu ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa haina pa kushika. Ile klipu iliyonidhalilisha mbele ya mtaa mzima ndiyo iliyotuzuia. Silinda tumeipeleka kwa mtu mwenye mashine akaikereza hatua moja, robo milimita, na pistoni ya saizi hiyo imepatikana. Hiyo kazi ya kukereza hatukujaribu nyumbani. Kuna watu watasema Munro angeifanya. Munro alikuwa na miaka hamsini ya kuharibu na hakuwa na abiria mgongoni, dogo atabeba mama wa watu na mtoto.

Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nayo tumeazima, kwa masharti irudi siku hiyohiyo. Pula ya kung'olea magneti tumenunua kabisa, kwa sababu kugonga magneti kwa nyundo, kama nilivyoona watu wanafanya, kunapinda ncha ya krenki na hapo umeua injini nzima kwa kuokoa bei ya chakula cha mchana. Gasketi zote mpya. Klipu za pini ya pistoni mpya, hizi hazirudishwi hata kama zinaonekana nzima, zikishatoka mara moja zimeshalegea.

Nimalizie habari ya mzee. Mwaka 1977 alipatwa na kiharusi akalazwa. Alipotoka, mikono haikuwa inamtii kama zamani, na kwa mtu aliyekuwa anachonga vyuma kwa mkono nadhani hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kifo. Hakutaka pikipiki zake ziondoke kwao kusini. Akaziuza zote mbili kwa rafiki yake mwenye duka hapohapo Invercargill, E. Hayes and Sons. Alifariki tarehe 6 Januari 1978 akiwa na miaka 78. Mwaka 2006 Wamarekani walimwingiza kwenye orodha yao ya heshima ya watu wa pikipiki.

Pikipiki yenyewe hakuipeleka mtu mbali. Imewekwa kwenye duka hilohilo, na duka lenyewe ni la vifaa: nyundo, misumari, spana, tupa. Mtu anaingia kununua bisibisi anaikuta pale.

Haya wadau, Jumamosi asubuhi tunafunga injini ya dogo. Klipu mpya nimenunua tatu, mbili za kazi na moja ya kuruka. Kitambaa cha kuziba mdomo wa injini kimeshafuliwa, kipo kwenye kamba kinakauka. Mwenye uzoefu na hizi injini za cc 125 aniambie hapo chini kwenye maoni kama zile kilomita za kwanza baada ya kukereza anawabeba abiria au anatembea peke yake, maana dogo ananiuliza na nataka nimpe jibu kabla hajapiga kiki.